Anza na choo: namna ya kujenga nyumba ndogo ya wageni ufukweni

Hazipiti wiki mbili bila mtu kuniletea picha ya mabanda ya makuti kwenye simu yake. Karithi kiwanja pwani, au kanunua, anataka kujenga nyumba ya wageni "ya kimazingira", na swali lake la kwanza ni makuti bei gani. Maji yatatoka wapi, haulizi. Choo kitakwenda wapi, ndiyo kabisa. Mimi humjibu kwa kumuuliza hayo mawili, na wengi hawarudi.

Sikusomea uchoraji majengo. Nimesimamia mabanda manne kusini mashariki ya Unguja, kwenye shamba la minazi la babu yangu mzaa mama, na nusu ya haya ninayoyaandika nimeyajua kwa kujenga vibaya kisha kubomoa. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kiwanja kidogo, vyumba visivyozidi sita, na fedha za kuungaunga. Ukiwa Mafia, Kilwa, Pemba au Watamu, mengi yatakufaa; upande wa upepo na jua utaupanga mwenyewe.

Kwanza elewa ardhi unayoijengea. Upande wetu wa mashariki ni jiwe la matumbawe ya kale, lina matundu kama sifongo. Maji ya mvua huzama humo na kuelea juu ya maji ya bahari, tabaka jembamba la maji baridi. Ukilivuta kwa pampu kupita kiasi, chumvi inapanda. Ukimwaga uchafu, hauzuiwi na udongo kwa sababu udongo hakuna: leo uko kwenye karo la choo, baada ya siku chache uko kwenye kisima cha jirani au kwenye bahari ileile unayowauzia wageni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu mahoteli na nyumba za wageni za pwani hii ya mashariki ulikuta mgeni mmoja akitumia wastani wa lita 685 za maji kwa siku. Katika mahoteli, karibu nusu ya maji yote ilikwenda kumwagilia bustani. Majani ya zulia, yaani, kwenye nchi ambayo wanawake wamebeba ndoo kutoka mapangoni tangu enzi za bibi zetu.

Hatua ya 1: Kikalie kiwanja kabla ya kuchora

Ukiweza, kaa misimu miwili, kaskazi na kusi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, Disemba hadi Machi au karibu na hapo. Kusi hutoka kusini mashariki na hushika katikati ya mwaka. Funga kitambaa kwenye mti na uandike kinakoelekea asubuhi, adhuhuri na usiku. Ni kazi ya kitoto lakini ndiyo itakayokuamulia madirisha.

Nenda ufukweni siku za bamvua, hasa la mwezi wa tatu na la mwezi wa tisa, maji yanapojaa kupita siku zote. Piga kigingi pale yalipofika, kisha rudi nyuma. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari. Mimi ningerudi hivyo hata pasingekuwa na sheria. Mikadi na mitambaazi iliyoota juu ya mchanga ndiyo inayoushika mchanga wenyewe. Wapo waliong'oa wapate mandhari, sasa wanajenga kuta za zege kila mwaka na kila mwaka bahari inazila.

Tazama pia watu wanapopita. Kuna njia ya wanawake wa mwani, kuna ya wavuvi, kuna mti wanaposhonea nyavu. Ukiziba njia umeanza ugomvi ambao hautamalizwa na chakula cha futari unachopeleka msikitini mara moja kwa mwaka. Ichore kwenye ramani yako kama vile ni ukuta uliokwisha kujengwa.

Na hapa ndipo unapokwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wako huku Zanzibar, si baada ya kumwaga msingi. Utahitaji vibali vya ujenzi na tathmini ya athari za mazingira. Zanzibar inaongozwa na sheria ya mazingira ya mwaka 2015, Kenya na ile ya mwaka 1999. Uliza ofisi husika mradi wako unaangukia daraja gani, maana vyumba vinne haviandikiwi ripoti sawa na hoteli ya vyumba mia.

Hatua ya 2: Hesabu maji, kisha ndiyo uhesabu vyumba

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hesabu nzima imejengwa juu ya hapo.

Banda letu moja lina paa la mita 8 kwa 7, likipimwa kwa kivuli chake chini, si kwa mwinamo. Hizo ni mita za mraba 56. Mvua ya mwaka mimi naikadiria milimita 1,000, makusudi, ili mwaka mbaya usinikute nimelala. Bati huachia kama sehemu nane ya kumi. Makuti hunywa zaidi, nayahesabia sita. Kwa hiyo:

56 × 1,000 × 0.6 = lita 33,600 kwa mwaka.

Matumizi sasa. Wageni wawili, lita 80 kila mmoja (inawezekana kabisa kama choo hakivuti maji na bustani haimwagiliwi), ni lita 160 kwa siku. Banda likikaliwa siku 6 katika kila 10, mwaka unataka lita 35,000 hivi. Utaona makuti peke yake yanapungukiwa kidogo. Ndiyo maana jiko na ukumbi wa kulia tumeviezeka bati: mita za mraba 90, zinatupa lita 72,000, zinaziba pengo la mabanda na kufua mashuka. Ipo sababu nyingine ya bati jikoni, nitaifikia.

Ukubwa wa birika unaamuliwa na kiangazi kirefu kuliko vyote, si na mvua. Siku 120 bila mvua ya maana, mara lita 160, ni lita 19,200. Jenga birika la lita 20,000: mita 4 kwa 2.5, kina mita 2, liwe chini ya sakafu ya banda lenyewe, maana halichukui nafasi na maji hukaa kivulini. Wazee walijua mabirika. Misikiti mingi ya zamani ya pwani ina yake.

Mambo matatu usiyaache. Lita 50 au 60 za mwanzo za kila mvua zimwagwe nje, zinabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Maji yapite kwenye chujio la kokoto na mchanga kabla ya kuingia. Na kila tundu lizibwe kwa wavu wa mbu. Maji ya makuti hutoka na rangi ya chai. Ya kuoga hayana neno, ya kunywa tunachukua ya bati na kuyachemsha.

Kama hesabu imekwambia vyumba vitatu, jenga vitatu. Chumbe, kisiwa kilichotangazwa hifadhi mwaka 1994, na ambacho watu wa nchi nyingi huja kujifunza, kina mabanda saba tu. Hakina kisima. Kila banda linakinga mvua yake kwa paa lake, linaihifadhi chini ya sakafu yake, na maji yakiisha yameisha.

Hatua ya 3: Choo

Choo cha kuvuta kinameza lita 6 hadi 9 kila mara. Mgeni akienda mara tano, amemaliza karibu nusu ya zile lita 80 kabla hajaosha uso. Kisha uchafu huo unautia kwenye karo lililochimbwa ndani ya jiwe lenye matundu, na mafundi wetu wengi hawalizibi chini "ili lisijae haraka". Halijai kwa sababu linavuja.

Choo kikavu cha kuozesha ndilo jibu langu. Jenga vyumba viwili vya kupokelea, juu ya ardhi, sentimita 120 kila upande, sakafu na kuta zimezibwa zisivuje. Kimoja kinatumika, kingine kimefungwa. Kikijaa cha kwanza, hamisha kiti, kifunge mwaka mmoja kamili bila kuongezwa kitu, kisha fungua: utakuta mbolea nyeusi isiyo na harufu, nzuri kwa migomba na minazi. Kwenye mboga za kuliwa mbichi usiitie.

Kila baada ya kutumia, mgeni anatia kopo moja la kitu kikavu. Sisi tunatumia makumbi yaliyopondwa pamoja na taka za randa kutoka kwa seremala. Bomba la hewa la inchi nne, limepakwa rangi nyeusi, lisimame upande wa jua na lipite juu ya paa, mdomoni lina wavu. Jua likilipasha, hewa hupanda na kuvuta harufu juu; nzi anayefuata mwanga hunaswa kwenye wavu.

Lakini michoro ya vyoo hivi mingi imechorwa na watu wanaotumia karatasi. Sisi tunastanji kwa maji, na wageni wengi kutoka Muscat, Dar au Mombasa vilevile. Maji yakiingia chumbani, mbolea inageuka tope na harufu inaanza. Choo chetu cha kwanza kilikufa hivyo ndani ya miezi miwili, na mfanyakazi aliyekisafisha mpaka leo ananikumbusha. Dawa yake ni sehemu ya pili ya kustanjia pembeni ya kiti, hatua moja tu, yenye bomba na mteremko wake unaokwenda kwenye kitanda cha migomba kilichozibwa chini. Kiti nacho kiwe kile kinachotenganisha mkojo. Andika maelezo kwa maneno machache ukutani, na siku ya kwanza mweleze mgeni kwa mdomo bila kuona haya. Wageni hawachukii choo kikavu, wanachukia kutoelezwa.

Ukilazimika kuweka cha maji, karo liwe la vyumba vitatu, limezibwa kote, na yanayotoka yapite kwenye kitanda cha mimea. Pungufu ya hapo, usiniite kuja kuona.

Hatua ya 4: Maji ya kuogea yawe na kazi ya pili

Kitanda cha mita za mraba nne kwa banda, kina sentimita 60, chini turubai zito au sakafu ya saruji, ndani kokoto, juu yake migomba na magimbi. Yale ya jikoni yapite kwanza kwenye kishimo cha kukamata mafuta, ambacho mtu lazima akizoe kila wiki. Weka sabuni ya kawaida ya nazi bafuni, wageni wataitumia. Bustani yako ni hiyo. Majani ya zulia usipande.

Hatua ya 5: Elekeza nyumba kwa upepo

Banda langu la kwanza lilitazama bahari kwa ubavu mzima, madirisha makubwa matatu upande wa mashariki. Picha zake ni nzuri sana. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua linaingia likiwa limelala chini, hakuna upenu unaoweza kulizuia, na saa mbili mgeni yuko nje na mto wake. Fundi wetu, mzee aliyekwisha kujenga kabla mimi sijazaliwa, alilizunguka mara moja akanambia, "Mwanangu, hii umeijengea kamera."

Alinifundisha kuigeuza: ncha nyembamba ndiyo itazame bahari, na kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Jua letu hupita karibu na utosi, kwa hiyo kuta hizo ndefu zinapata kivuli kwa upenu wa mita moja tu. Joto la asubuhi na la jioni linapiga ncha mbili fupi. Na upepo sasa: kaskazi unaingia ukuta wa kaskazini unatokea kusini, kusi unafanya kinyume chake. Madirisha yatazamane, ya upande mmoja yakiwa usawa wa kitanda, maana upepo unaopita juu ya chandarua haumsaidii aliyelala. Bahari mgeni ataitazama kutoka barazani, kwenye ile ncha, ambapo unampa kina cha mita mbili na nusu na benchi la kukalia.

Mabanda yasipangwe kwenye mstari mmoja. Yapishane kama meno ya msumeno, kila moja lipate upepo wake.

Hatua ya 6: Kuta na paa

Wageni wanapenda kuambiwa nyumba nene za mawe za Mji Mkongwe ni baridi. Mchana ni kweli. Lakini pwani usiku haupoi sana, na ukuta mnene unautema ule moto wa mchana wakati mtu anataka kulala. Kwa hiyo jiwe nalitumia kwenye ukuta wa magharibi na sehemu ya chini kwa mita moja, juu yake naacha fito na mbao za kupitisha hewa. Ukumbi wa mchana ndio ujenge kwa mawe utakavyo.

Mawe yawe ya nchi kavu, yale yanayotoka kwenye kiwanja chako unaposafisha. Jiwe lililovunjwa kwenye mwamba wa bahari ni nyumba ya samaki, atakayekuletea, mrudishie. Mchanga wa ufukweni nao hapana, una chumvi na ufukwe wenyewe unauhitaji. Mashimo ya mchanga yamekwisha kutafuna mashamba mengi kisiwani, basi punguza matumizi: vumbi la mawe yaliyopondwa linaweza kuchukua nafasi ya sehemu kubwa.

Chokaa. Iloweke kwenye shimo miezi mitatu, ifunikwe na maji muda wote, kisha changanya moja kwa tatu na mchanga, na lipu yake uinyweshe kivulini siku kadhaa isikauke ghafla. Usimpe fundi nafasi ya kupaka saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa. Saruji hufunga unyevu ndani, chumvi inajikusanya nyuma yake, na lipu inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Mji Mkongwe umejaa kuta zilizotibiwa hivyo zikazidi kuugua. Ila nisikuongopee kwamba chokaa haina dhambi. Tanuri linachomwa kwa magogo, mengi ya minazi iliyozeeka lakini si yote. Muulize mchomaji anachoma nini.

Boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa vyumba vya pwani yote, kutoka Lamu hadi Kilwa: chumba hakikuweza kupita urefu wa boriti, ndiyo maana ni virefu na vyembamba. Mikoko leo tuiache imesimama. Tumia mivinje ya kupandwa, menya gome mapema, kausha kivulini, loweka kwenye maji ya boraksi kwa ajili ya wadudu, na nguzo zisimame juu ya jiwe zisiguse udongo. Ukubali upana ule wa kizamani wa mita mbili na nusu au tatu. Fito hazitapinda na chumba kitapitisha hewa vizuri.

Paa la makuti liwe na mwinamo mkali, nyuzi 40 au zaidi. Makuti yaliyobanwa yakakaribiana hukaa miaka mitano hadi saba. Ya mchumi, yaliyopangwa mbalimbali, mitatu. Kikubwa ni moto. Cheche moja na upepo wa kusi, yameondoka mabanda yote. Jiko liwe peke yake, chini ya upepo, chini ya bati, na mbali. Hiyo ndiyo sababu ya pili niliyoahidi. Ndoo za mchanga zikae kila baraza, si kwa mapambo.

Hatua ya 7: Umeme na taa

Feni ya kisasa ya sola inakula wati 30 au 40. Kiyoyozi kidogo kinakula kama wati 1,000. Ukifuata hatua ya tano, feni inatosha, na paneli za banda zima utazibeba kwa pikipiki. Hapa kwetu karibu na ikweta paneli hazihitaji kuinama sana, lakini zipe nyuzi 10 au 15 mvua iweze kuziosha. Zisikae juu ya makuti. Zitafutie bati la jikoni. Skrubu na fremu ziwe za chuma kisichoshika kutu, hewa ya bahari haina huruma.

Taa za nje ziwe chache, chini ya magoti, rangi ya chungwa, zimefunikwa upande wa baharini. Vitoto vya kasa vinapoanguliwa usiku hufuata mwanga, vinaweza kuishia barazani kwako badala ya majini.

Hatua ya 8: Lala humo mwenyewe

Kabla ya mgeni wa kwanza, lala siku tatu na familia yako, na walete watu wanaosema ukweli. Shemeji yangu aligundua usiku wa kwanza kwamba kutoka kitandani hadi chooni gizani kuna ngazi ambayo hakuna aliyeifikiria. Mama aliuliza maji ya udhu yanapatikana wapi saa kumi na moja alfajiri.

Wafanyakazi waajiri kijijini na uwaandike mikataba. Samaki nunua kwa wavuvi wa mshipi na madema, na wanaovuta kokoro usiwafanye wateja wako. Makombe na kome wanaouzwa ufukweni waambie wageni wasinunue. Chupa za plastiki unaziondoa kwa kuweka mtungi wa udongo wa maji yaliyochemshwa kila banda. Maji yake ni matamu kuliko ya friji, na hilo si mimi ninayelisema.

Kisha kila Ijumaa asubuhi mtoto wa dada yangu anapita na ufito wenye mikato mitano, anaushusha kwenye kila birika na kuandika mkato uliolowa. Ukishuka chini ya mkato wa pili na masika bado, tunapiga simu kwa walioweka nafasi. Mwaka juzi tuliwapigia wanne.